Kabla Trekta Halijafika Kwenye Njia ya Nyumbu

Bikoni ile niliikuta jikoni kwa watu. Nilikwenda kumjulia hali mama aliyejifungua, nikapewa kigoda, chai ikiwa motoni. Mafiga yalikuwa matatu kama kawaida: mawili mawe meusi ya korongoni, la tatu kipande cha zege chenye namba. Nikainama kuisoma ile namba. Ilikuwa moja ya bikoni tulizozipanda sisi wenyewe, mimi nikiwa nimeshika daftari, kuonyesha mashamba yanapoishia na linapoanzia eneo la kinga, yaani ukanda usiolimwa wala kujengwa, upande tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Mwenye nyumba hakuwa na nia mbaya. "Tuliikuta imelala porini," akaniambia, "tukaona itafaa."

Chai nikanywa. Ila njiani kurudi nilikuwa nimeshaelewa kwamba kazi tuliyojivunia miaka mitano ilikuwa ya kwenye karatasi tu.

Mimi ni mkwe wa Simanjiro, mzaliwa wa Babati. Mwaka 2009 nilichaguliwa katibu wa kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji, si kwa sababu nilijua chochote kuhusu ardhi, bali kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Niliyoyajua niliyajua kwa kukosea. Wanakamati wa vijiji vingine wanaopakana na hifadhi wamekuwa wakiniuliza tuanzie wapi, tufanye nini, tukamwone nani. Nayaandika hapa ili nisiyarudie kwa kila mmoja.

Kwanza mjue mnalinda nini, maana mkisema tu "wanyama" mtashindwa kwenye mkutano wa kwanza. Tarangire ilitangazwa hifadhi mwaka 1970, na mpaka wake ulifuata zaidi mto kuliko mwaka mzima wa mnyama. Kiangazi nyumbu na pundamilia wamo ndani kwa sababu ya maji ya mto. Mvua zikianza wanatoka kwenda tambarare za Simanjiro, ambako majani mafupi yana madini, hasa fosforasi, ambayo jike mwenye mimba na anayenyonyesha anayahitaji. Huko ndiko wanakozalia. Kwa hiyo nusu ya maisha ya wanyama hao iko kwenye ardhi ya vijiji, si kwenye hifadhi. Njia hizo zikizibwa kwa mashamba, hifadhi itabaki na mto na mibuyu, na nyumbu wa kuhesabu kwa vidole. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2022 iliorodhesha shoroba, yaani njia za wanyamapori kama hizo, 61 nchi nzima, 20 zikiwekwa kwenye kipaumbele. Nyingi zinapita kwenye vijiji vyenye mwenyekiti, mtendaji na daftari la mihtasari kama letu.

Na kwenye daftari hilo ndipo tulipoangukia.

Mwaka ule niliochaguliwa, wataalamu wa wilaya walikuja, wakalala siku kadhaa, mfadhili akalipa posho na mafuta. Tukachora. Kijani kwa malisho, njano kwa mashamba, na mstari wa rangi ya chungwa kando ya hifadhi ulioandikwa eneo la kinga na mapito ya wanyamapori. Ramani ikabandikwa ukutani ofisini, ikapigwa picha, wageni wakaondoka. Sisi tukajua tumemaliza. Miaka mitano baadaye, asubuhi moja ya Novemba, trekta likaingia kwenye ile rangi ya chungwa likalima tangu alfajiri hadi jioni. Mwenye shamba alikuwa na karatasi yenye muhuri wa kijiji na saini mbili. Wanaoishi vijijini wanajua saini hizo hupatikana vipi.

Tukaenda Baraza la Ardhi la Kijiji, tukaenda kata, tukafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Pale hatukuulizwa habari za nyumbu. Tuliulizwa: muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha mpango huu uko wapi? Nikautoa. Orodha ya mahudhurio? Nikatoa karatasi mbili za daftari la shule zenye majina 43, kumi na kitu yakiwa ya mwandiko mmoja. Mwandiko wangu. Nilikuwa nimewaandikia wazee wasiojua kusoma, kwa heshima kabisa, bila kuwachukua dole gumba. Tangazo la mkutano lilibandikwa lini? Hatukuwa na nakala. Sheria ndogo zilipitishwa na baraza la madiwani? Hazijawahi kupelekwa. Ekari zile hazijarudi mpaka leo. Siku hizi ni shamba la ufuta.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza unawachosha vijana wanaopenda kuzungumzia tembo. Anzeni na karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini. Si mwenye mali. Haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, pamoja na mama anayeuza maziwa na kijana anayeshinda na ng'ombe. Kwa hiyo tangazo libandikwe mapema, libandikwe kila kitongoji, na lipigwe picha likiwa limebandikwa. Wasiosaini waweke dole gumba mbele ya jina lao. Kila ukurasa uwe na muhuri. Nakala moja ibaki ofisini, moja kwa mtendaji wa kata, moja wilayani, na moja kwa mtu ambaye hagombei chochote. Ya kwetu iko kwenye sanduku la nguo la mama mmoja mjane, na imeshatuokoa mara mbili.

Halafu msiishie kwenye mpango. Mpango wa matumizi ya ardhi, unaotokana na Sheria ya mwaka 2007, unasema nini kifanyike wapi. Meno yako kwenye sheria ndogo, na sheria ndogo za kijiji hazina nguvu mpaka baraza la madiwani lizipitishe. Hapa ndipo vijiji vingi vimekwama. Faili linalala kwenye meza ya mtu wilayani mwaka mzima kwa sababu hakuna anayelifuata. Mchagueni mtu mmoja wa kulifuata, mpeni nauli, na mumkabe diwani wenu, maana ndiye anayekaa kwenye kikao kile.

Baada ya hapo eneo liingizwe kwenye rejista ya ardhi ya pamoja ya kijiji, ile ambayo sheria hairuhusu mtu mmoja kujigawia. Na kama wafugaji ndio wanaolitumia, kundi lao liombe hati ya hakimilki ya kimila kwa jina la kundi. Sisi tulipata yetu mwaka 2017, na tofauti niliiona kwa macho. Zamani mtu akitaka kulima kwenye kinga alikwenda kumwona mwenyekiti usiku. Sasa inabidi alione kundi zima, mchana. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walishaifuata njia hiyo tangu 2011, wakalinda msitu wanaoutegemea kwa asali, mizizi na mawindo. Nasi tulisema kama wao wameweza, hatuna kisingizio.

Sasa kuhusu maneno. Kwenye mkutano wa pili nilisimama nikasema "eneo la kinga," nikaona nyuso zinafunga. Mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, leo kinga, kesho hifadhi, keshokutwa tuko wapi?" Hofu hiyo ina sababu, na atakayewaambia wazee wanajitia wasiwasi tu hajui historia ya huku. Mzee mwingine ndiye aliyetuokoa. Alisema: hili si jambo geni, hii ni alalili. Alalili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate pa kushika kiangazi. Wasukuma wana ngitili, jambo hilohilo. Akaendelea: nyumbu wakizaa huwa tunawaondoa ng'ombe kule, sivyo? Kila mtu akaitikia. Kuna ugonjwa ambao ng'ombe huupata wakilishwa nyumbu walipozalia. Wazee husema ni kondo la nyuma, madaktari wa mifugo husema ni virusi vinavyotoka kwenye pua na macho ya ndama wa nyumbu. Vyovyote iwavyo, ng'ombe anakufa. Kwa hiyo miezi ile tambarare ni za nyumbu, na baadaye ni za ng'ombe. Sheria yetu ndogo ikaandikwa hivyohivyo: kulima na kujenga marufuku, kulisha kwa ratiba. Eneo la kinga linalomfukuza mfugaji halidumu hata misimu miwili, na kwa maoni yangu halistahili kudumu.

Vijana waliotaka kulima walishawishika kwa hesabu. Tembo akila shamba, serikali hulipa kifuta jasho. Akiua mtu, kifuta machozi. Lakini kwa kanuni za mwaka 2011, shamba lililokuwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa kitu, na hata lililokuwa mbali halikulipwa zaidi ya ekari tano. Nikawauliza: mtalima pale, mtalala kwenye vichanja mkipiga madebe miezi mitatu, tembo watakula, halafu mtamdai nani? Mmoja akacheka akasema basi afadhali afuge mbuzi. Sasa anafuga mbuzi.

Kuna njia nyingine, na msiingie yoyote kwa haraka. Terrat, hapahapa Simanjiro, katikati ya miaka ya 2000 waliingia mkataba na kampuni za utalii: kijiji kisilime wala kujenga kwenye tambarare zake za majani mafupi, malisho yaendelee, na kampuni zilipe kila mwaka. Naupenda mtindo ule kwa sababu ardhi inabaki ya kijiji na fedha zinaingia kwenye akaunti ya kijiji. Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, ambazo wote tunaziita WMA, yaani vijiji kadhaa kutenga ardhi ya wanyamapori kwa pamoja, kama Burunge kwenye ushoroba wa Kwakuchinja au Randilen kule Monduli, zina nguvu zaidi ya kisheria na askari wao wenyewe. Lakini uamuzi unahama kutoka kijijini kwenda kwenye jumuiya, na kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Someni katiba yake neno kwa neno kabla ya kupiga kura. Juu kabisa kuna kifungu cha 22 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kinachompa Waziri uwezo wa kutangaza ushoroba, eneo la mtawanyiko (wanakotawanyikia wanyama nje ya hifadhi) au eneo la kinga kwenye Gazeti la Serikali baada ya kushauriana na mamlaka za mitaa. Kanuni zake zilitoka 2018. Hiyo ni kinga nzito. Mimi ningeomba kijiji kiwe na hati yake mkononi kwanza, ili siku ya kushauriana kikae mezani kama mwenye ardhi.

Kitu kimoja hakiwagharimu hata senti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Mapito mengi ya wanyama yanafuata makorongo na mito. Pimeni hizo mita kwa kamba, mtashangaa sehemu gani ya ushoroba imeshalindwa tayari.

Wasikilizeni wanawake wakati wa kuchora. Wanaume wetu walionyesha njia za tembo za zamani, za wakati wao wa kuchunga. Akina mama wanaokwenda kuni na maji ndio waliosema, hapana, tangu lile bwawa lijengwe wanapita huku. Tukaenda kuangalia, tukakuta mavi mabichi. Bila wao tungelinda njia isiyopitwa na mtu wala mnyama.

Ongeeni pia na majirani. Ushoroba ukiachwa wazi kwenu na kuzibwa kijiji cha pili, mmepoteza muda. Vijiji vya Kiteto vinavyoitwa kwa pamoja OLENGAPA vilifanya mpango wa pamoja wa malisho unaovuka mipaka yao, na sheria inaruhusu. Sisi bado tunavutana na jirani mmoja kuhusu kilomita chache; mwenyekiti wao na wetu hawasalimiani kwa jambo la zamani la mahari, na hakuna mtaalamu wa wilaya anayeweza kutusaidia kwa hilo.

Ile bikoni ilirudishwa. Mwenye nyumba aliibeba mwenyewe begani, tukaichimbia upya na kumimina zege chini yake, na tangu hapo kila mwaka kabla ya vuli tunazizungukia zote kwa miguu, wazee na watoto wa shule. Tumempa yule mama figa jingine.

Sasa kuna maneno ya kukigawa kijiji chetu kiwe viwili. Kijiji kikigawanywa, cheti cha ardhi na mpango vinafanywa upya, na wakati huo wa katikati ndio wenye matrekta wanaousubiri. Tumeomba hati ya kundi na sheria ndogo zitajwe kwenye muhtasari wenyewe wa kugawana, pamoja na namba za bikoni. Mkutano ni mwezi ujao. Tangazo nimeshalibandika vitongoji vyote, na safari hii nimenunua vidau vitatu vya wino wa dole gumba.