Kabla hujaipiga Linux kwenye laptopu yako ndogo

Laptopu ndogo zilizojaa kwenye mabweni na maduka ya Kampala, zile za inchi 11 zenye prosesa ya Celeron au Atom, RAM ya GB 2 na diski ya GB 32 iliyochomelewa kwenye bodi, hazina ubavu wa kubeba Windows ya leo. Sasisho moja kubwa linaijaza diski, na diski ikijaa mashine inagoma. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine nyingi za aina hii hazivuki kizingiti hicho.

Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, inaweza kuziongezea miaka kadhaa ya kazi, na haidai leseni. Ila wengi wanaoijaribu na kuiacha hawakukwamishwa na Linux yenyewe. Walikwamishwa na diski inayokufa, flashi feki, bando lililokatika katikati ya kazi, au umeme. Hayo yote yanaonekana mapema ukiyatafuta, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kazi ya kabla ya kufuta chochote.

Uzito unatoka wapi?

Kama laptopu yako ina diski ya kuzunguka, ile inayonguruma ukiiweka sikioni, ishuku hiyo kwanza. Diski inayoanza kuharibika hurudia kusoma sehemu moja mara nyingi, na mashine nzima huganda kuisubiri. Ukipiga mfumo mpya juu yake utapata nafuu ya wiki mbili, kisha shida itarudi. Unapojaribu Linux kwa flashi (nitaeleza hapa chini), fungua programu ya diski iliyo kwenye menyu, chagua diski, kisha utazame takwimu zake za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe. Mstari wa kuangalia ni Current Pending Sector. Ukisoma sifuri, endelea. Ukisoma 8, 40 au zaidi, hamisha mafaili yako leo na utafute diski nyingine.

Diski hiyo nyingine iwe SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5. GB 120 zinatosha, na inaingia palepale ilipotoka ya zamani kwa skrubu zilezile. Kama mfuko unaruhusu kununua kitu kimoja tu, nunua hiki kabla ya RAM. Tofauti utaiona tangu dakika ya kwanza.

Kwenye RAM kuna mtego. Laptopu nyingi ndogo zimechomelewa RAM na haiongezeki. Zile zenye nafasi, kama zina Celeron N2840 au N3060, zinataka DDR3L ya volti 1.35. Kijiti cha DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 kina umbo na pengo lilelile, kinaingia bila kulazimisha, lakini ukiwasha unapata kioo cheusi. Ng'oa kijiti chako cha zamani uende nacho dukani, na usome herufi zilizo kwenye stika: PC3L ni ya volti ndogo, PC3 bila L siyo.

Mashine ikiwa moto sana upande wa chini, ifungue upulize. Vumbi jekundu la barabara zetu huziba njia ya feni, na prosesa ikipata joto hujipunguzia mwendo yenyewe. Hapo hakuna mfumo utakaosaidia.

Uchague Linux ipi

Linux ina matoleo mengi yenye majina tofauti, kama Mint, Debian, antiX na Lubuntu. Kwanza jua kama prosesa ni ya biti 32 au 64. Vinetibuku (netbook, laptopu ndogo) vya miaka ya 2008 na 2009 vyenye Atom N270 au N280 ni vya biti 32 tu. Kwa hivyo, chukua antiX ya biti 32, au Debian 12, ambayo ndiyo Debian ya mwisho kuwa na kisakinishi cha biti 32 na inapata masasisho ya usalama hadi Juni 2028. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imeacha kuzisakinishia kompyuta hizo.

Kwa mashine ya biti 64 yenye GB 4, ushauri wangu ni Linux Mint toleo la Xfce (Xfce na LXQt ni sura nyepesi za kioo, yaani menyu na madirisha). Mpangilio wake unafanana na Windows waliyoizoea watu, na toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029. Kwa GB 2, Mint Xfce itawaka, lakini ukifungua kivinjari utaanza kuhema. Hapo antiX, au Debian yenye LXQt, inakuachia nafasi zaidi ya kufanyia kazi.

Lubuntu nayo ni nyepesi, na jina la ukoo wake, Ubuntu, ni ndugu wa obuntu ya Kiganda. Ila kwa mtu anayenunua bando kidogo kidogo ina kasoro: Firefox yake huja kama kifurushi cha snap, kinachochelewa kufunguka kwenye diski dhaifu na kujisasisha chenyewe bila kukuuliza. Ukiichagua, zuia siku ya kwanza kwa amri hii, uiandike kwenye dirisha la amri (Terminal) kama amri zote za Linux zilizo hapa chini:

`sudo snap refresh --hold`

Jihadhari pia na Atom Z3735F, iliyojaa kwenye laptopu na tableti za bei nafuu. Prosesa ni ya biti 64, lakini UEFI yake, programu ya bodi inayoiwasha mashine, ni ya biti 32, kwa hiyo flashi nyingi zilizotengenezwa sawasawa hazitaonekana kabisa kwenye menyu ya kuwasha. Debian inaijua hali hiyo. Usiitupe flashi kwa kudhani imekufa.

Flashi

Faili la kusakinishia Mint, liitwalo ISO, lina karibu GB 3. Mwanafunzi wa Makerere au Kyambogo alipakue chuoni kwa eduroam, Wi-Fi ya vyuo. Wengine waombe nakala kwa aliye nalo, kwa sababu kuligawa ni halali kabisa. Lakini faili lililopita mikono mitatu lihakikiwe. Kwenye Windows fungua dirisha la amri mahali faili lilipo na uandike:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Linganisha mfuatano utakaotokea na ule ulioandikwa kwenye tovuti rasmi ya mfumo huo. Herufi moja ikitofautiana, faili ni bovu au limechezewa. Lifute.

Flashi ya GB 8 inatosha. Zile zinazouzwa barabarani zikiwa zimeandikwa GB 64 au 128 kwa bei ya kutupa, nyingi zina GB 4 au 8 za kweli, na zimedanganywa zijitaje kubwa. Zinakubali kuandikwa, kisha sehemu ya mwisho ya faili inapotea, na usakinishaji unakufa ukiwa asilimia 60 au 70. Programu ya H2testw kwenye Windows inaijaza flashi na kuisoma tena, na mwisho inakuambia ukweli.

Usilinakili faili la ISO ndani ya flashi kama unavyonakili wimbo. Halitawaka. Tumia Rufus au balenaEtcher, na kumbuka kwamba vyote viwili vinafuta kila kitu kilichokuwamo.

Ijaribu bila kusakinisha

Chomeka flashi, washa, na papo hapo gonga kitufe cha menyu ya kuwasha: F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo, Esc kwa Asus. Acer nyingi zinataka uingie kwanza BIOS (mipangilio ya bodi) kwa F2 na uruhusu menyu ya F12. Chagua sehemu ya kujaribu, siyo kusakinisha. Itakuwa nzito kidogo kwa kuwa inasoma kutoka flashi, hivyo usiihukumu kwa mwendo. Hukumu vifaa: Wi-Fi, sauti, kamera, padi ya kugusa, kupunguza mwanga wa kioo, na kama mashine inaamka ukiifunika kisha kuifunua. Kwenye Atom za Z3735F na Z8350, sauti ndiyo inayosumbua zaidi.

Wi-Fi isipotokea usikate tamaa. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu ruhusu kugawa intaneti kwa USB. Linux huitambua kama waya wa mtandao bila draiva yoyote. Kwa njia hiyo utaweza kupakua draiva ya Wi-Fi baadaye. Kadi za Broadcom kama BCM43142 huhitaji kifurushi cha `broadcom-sta-dkms`. Kadi ya Realtek RTL8723BE, iliyomo kwenye HP nyingi, hufanya kazi lakini hushika mtandao ukiwa hatua mbili tu kutoka kwenye ruta. Sababu ni kwamba kadi ina matundu mawili ya antena, kiwandani walichomeka antena moja, na draiva inasikiliza tundu lisilo na kitu. Andika mstari huu kwenye faili jipya `/etc/modprobe.d/rtl8723be.conf`, kisha uzime na kuwasha:

`options rtl8723be ant_sel=2`

Usipoona tofauti, badilisha 2 iwe 1.

Siku ya kusakinisha

Nakili mafaili yako ukiwa bado ndani ya Windows. Laptopu nyingi za kisasa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, bila mwenyewe kujua, na ukiwa Linux bila ufunguo wake hutasoma kitu. Kuhusu leseni usiwe na hofu: kwa laptopu zilizotoka na Windows 8 au zaidi, ufunguo umo kwenye bodi, hivyo unaweza kuirudisha Windows siku yoyote.

Betri ikiwa imekufa, na umeme wa mtaani kwako ni wa kuja na kuondoka, usisakinishe nyumbani. Nenda mahali penye jenereta au sola. Kazi yenyewe ni dakika 20 hadi 40.

Sasa hapa wengi wanajikata. Maelekezo mengi husema sakinisha kwenye `/dev/sda`. Kwenye laptopu yenye diski ya eMMC, ile iliyochomelewa kwenye bodi, diski ya ndani inaitwa `/dev/mmcblk0`, na `/dev/sda` ni flashi yako. Soma ukubwa: iliyo karibu na GB 31 au 29 ndiyo diski ya ndani, ya GB 7 au 14 ni flashi. Mtu anasakinisha vizuri, anachomoa flashi, kisha anakuta Windows ileile. Au anafuta flashi ya mwenzake iliyokuwa pembeni. Chomoa flashi nyingine zote kabla ya kuanza.

Usisakinishe huku umeunganishwa na mtandao kama bando ni dogo, na usiweke tiki kwenye kodeki za video, utaziongeza baadaye. Kwa diski ya GB 32, futa yote. Kubakiza Windows na Linux humo ndani ni kuzinyima zote mbili pumzi.

Wiki ya kwanza

Kwa RAM ya GB 2 au 4, weka zram. Inabana data iliyolala ndani ya RAM badala ya kuisukuma kwenye diski polepole:

`sudo apt install zram-tools`

Fungua `/etc/default/zramswap`, andika `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, kisha uwashe upya. Amri ya `swapon --show` ikikuonyesha `/dev/zram0`, imekubali. Kwenye Firefox weka uBlock Origin. Kuzuia matangazo kunaokoa RAM na bando kwa pamoja. Hata hivyo, GB 2 ni GB 2: tabo tatu au nne, siyo kumi na tano.

Timeshift ya Mint, inayohifadhi picha za mfumo, itaijaza diski ya GB 32 ukiiruhusu kila siku. Bakiza picha moja tu. Programu za Flatpak, aina nyingine ya vifurushi, nazo ziepuke, kwani ndogo tu inaweza kuvuta mamia ya MB za msingi wake. Tumia apt, amri ya kusakinisha programu, na kabla ya kukubali soma mstari unaoanza na Need to get (kwenye Debian 13 ni Download size). Ukisema 412 MB na umebaki na MB 500, gonga n na usubiri.

Barua na CV za Word zitafunguka kwenye LibreOffice, lakini zikikosa herufi za Calibri, ukurasa mmoja unaweza kuwa mmoja na mistari mitatu. Sakinisha `fonts-crosextra-carlito` na `fonts-crosextra-caladea`. Zina upana uleule wa Calibri na Cambria. Ukienda kuchapisha kwenye kafe, peleka PDF. Na ukirudi na flashi iliyogeuzwa njia za mkato na virusi vya huko, fungua kwa Linux: mafaili yaliyofichwa utayaona yamekaa palepale, uyanakili. Virusi hivyo havitembei hapa, ila futa njia hizo za mkato kabla ya kumpa mwenzako flashi.

Anayetegemea programu ya Windows pekee, kama QuickBooks ya mezani, au mafaili ya Excel yenye makro, asihamie kwa mashine yake ya kazi.

Saa ikirudi mwaka 2010 kila ukiwasha, tovuti zote zitakataa kwa madai ya vyeti vibovu, na apt itagoma. Hiyo ni betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi, siyo Linux. Na umeme ukikatika wakati wa sasisho, usipige mfumo upya. Andika `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt -f install`. Ukiwasha na kukuta kioo cheusi kilichoandikwa initramfs, soma jina la diski lililotajwa juu yake, mathalani `/dev/sda2`, uandike `fsck -y /dev/sda2`, usubiri imalize, kisha uandike `exit`. Mara nyingi mashine inaendelea kuwaka kutoka hapo.