Vitu vidogo vya wiki ya herufi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la awali mjini Morogoro. Kila wiki tunajifunza herufi moja, na kila mtoto huja na kitu kidogo kutoka nyumbani ambacho jina lake linaanza na herufi hiyo. Wiki ya K kikapu kilifurika, lakini wiki ya D karibu wote walikuja mikono mitupu, na bado zinanisubiri H, R na Z. Seti za plastiki zilizopo madukani zimepangwa kwa majina ya Kiingereza. Nitavipata wapi vitu vinavyofaa bila kuwatia wazazi gharama?

JIBU: Mwalimu, kikapu cha K hakikufurika kwa bahati. Kitu kikidogoshwa kwa Kiswahili hupewa ki-, hivyo dumu dogo la mafuta huitwa kidumu na gari la kuchezea huitwa kigari, na mtoto aliyeambiwa alete kitu kidogo huangukia K hata kama wiki ni ya D au G. Waombe wazazi vitu vinavyobebeka, kisha uvitaje kwa majina katika ujumbe unaowapelekea wiki moja kabla: dengu, doli au daftari lililokwisha kwa D, pakiti ya hamira, hina na hoho kwa H, rula na rozela kavu kwa R, zipu, zabibu kavu na, msimu wake ukifika, zambarau kwa Z. Usiandike dawa katika wiki ya D, maana yupo atakayekuja na vidonge vya bibi yake.

Kwa vitu vya kudumu, sioni duka la vifaa vya shule linalomshinda fundi cherehani. Chini ya meza yake hukosi zipu zilizong'oka meno, vipande vya lastiki, riboni, uzi na vifungo vya kila rangi, na ukimwachia mfuko atakuwekea humo badala ya kuvifagia.

Kazi kubwa, hata hivyo, si kuvipata bali kuvichuja. Jina linalohesabika ni lile ambalo mtoto hulitamka mwenyewe akikiona kitu, kwa hiyo kabla ya kukitia kikapuni waonyeshe watoto wawili watatu na uwaulize, "Hiki ni nini?" Ganda la yai litakupa G kwa mmoja na Y kwa mwenzake; riboni kwa wengine ni utepe; hiliki sikuitaja kwa makusudi, kwa sababu nyumba nyingi huiita iliki. Omba pia kitu kimoja kimoja, kwa kuwa jiwe ni la J ilhali mawe ni ya M, na ufunguo ukiletwa na wenzake katika pete moja huwa funguo, wakahama kutoka U kwenda F. Nyanya na ngoma usizichanganye na nazi na ndizi katika wiki ya N, kwani sauti zake ni nyingine. Zitengee siku yake. Q na X zimo katika chati za Kiingereza tu, na C ifundishwe pamoja na H yake, kwa chaki, chupa na chungwa.

Jambo ambalo halina mjadala ni usalama. Dengu, shanga na vifungo huishia puani au kooni, kwa hiyo vitie katika chupa ya plastiki inayoonyesha ndani na ufunge kifuniko kwa gundi. Watoto wataitikisa na kuisikiliza bila kuifungua. Ikiwa darasani mna wadogo wa chini ya miaka 3, chukua bomba la karatasi ya chooni, na kila kinachopita ndani yake kisifike mikononi mwao. Betri bapa za saa zikataeni kabisa katika wiki ya B, kwa sababu ikimezwa huweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa chache. Badala yake ombeni bahasha, bilauri ya plastiki au bamia.