Mteja wa Mtandaoni Ana Hofu, Anzia Hapo

Kina dada wanaonijia hapa Arua, Uganda, kutaka kujua namna ya kuuza vitenge mtandaoni huanza karibu wote na swali lile lile: nitapataje wafuasi wengi? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Nauza vitenge kwa simu, wateja wangu wako Gulu, Lira, Kampala, wengine ng'ambo ya mpaka, Ariwara kule Congo na Juba kule Sudan Kusini, na wengi wao hatujaonana uso kwa uso. Nilichojifunza kwao ni kwamba mtu haachi kununua kwa kuwa hajakiona kitenge chako. Amekiona, amekipenda, kisha akaogopa. Anaogopa kumtumia pesa mtu asiyemjua. Anaogopa rangi itachuja kwenye maji ya kwanza. Anaogopa ataletewa kitu kingine. Ukiwa na watu ishirini tu wanaotazama stetasi yako ya WhatsApp, na ukajua kuwatoa hofu, unaweza kuanza leo.

Bei iandike. Tumezoea kuandika "bei njoo inbox", na sababu zake nazifahamu: hutaki jirani mwenye duka aione, tena unataka nafasi ya kupatana. Lakini mtazame mteja. Bando lake ni dogo, na anaona haya kuuliza bei halafu anyamaze, kwa hiyo anapita zake. Iandike juu ya picha yenyewe, maana picha husambazwa kwa watu wengine bila maelezo yaliyokuwa chini yake. Kama mnaweza kupatana, sema. Kama ni bei ya mwisho, sema pia.

Picha ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote. Dukani mtu hukishika kitenge, hukikunjua, hukigeuza upande wa nyuma aone kama rangi imepenya, hukisugua kwa vidole. Mtandaoni hana mikono hiyo, kwa hiyo uiweke yako. Kipige picha nje, kivulini, mchana, kwa sababu mwanga wa taa hugeuza rangi, na mteja aliyeona bluu akapokea zambarau hatakuamini tena. Piga mbele, piga nyuma, piga na pindo lenye maandishi ya kiwanda. Taja ni yadi ngapi. Yadi 6 ni kama mita tano na nusu, na fundi wake atamwambia kama zinatosha mshono anaoutaka. Kama kuna doa, lipige picha kwa karibu na ulitaje kabla hajauliza.

Sema pia kitambaa ni pamba au ni polista. Wengi wamewahi kuuziwa polista kwa bei ya pamba, na kidonda hicho wanakuja nacho kwako hata kama si wewe uliyewaumiza. Chomoa uzi mmoja, uuchome mbele ya kamera. Wa pamba huungua ukawa majivu laini na hunuka kama karatasi iliyoungua. Wa polista huyeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi. Video ya sekunde kumi inatosha, na ninapendekeza usizidishe sana hapo. Intaneti kwetu ina gharama. Kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliondolewa Julai 2021, lakini mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando zenyewe. Anayefungua video yako ndefu anatumia pesa kukutazama.

Sasa pesa. Hapa ndipo biashara nyingi hufia, mteja akiwa tayari ameshachagua. Laini unayopokelea pesa iwe imesajiliwa kwa jina analolijua mteja. Ukijiita kwa jina la duka, halafu anapotuma simu inamwonyesha jina la mwanamume asiyewahi kumsikia, atasita, na ana haki ya kusita. Mwambie mapema: "Litatokea jina fulani, ni la kaka yangu." Vizuri zaidi, tafuta namba ya malipo ya biashara ili litokee jina la duka.

Halafu kuna lile jambo la kumwambia mteja "weka na za kutolea", yaani aongeze gharama yako ya kutoa pesa kwenye simu. Kodi ya kutoa pesa kwenye simu ilianza kwa asilimia 1 mwaka 2018 na sasa ni asilimia 0.5, yaani ukitoa shilingi 100,000 kodi peke yake ni 500, mbali na ada ya kampuni ya simu. Ni pesa halisi na huwezi kuifumbia macho, ila mteja aliyekwisha kubali bei huchukia kuongezewa dakika ya mwisho. Iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Kwa mteja wa mara ya kwanza mimi huomba nusu kabla ya kutuma mzigo, nyingine baada ya kuupokea. Walio karibu, boda huwapelekea na wanalipa mkononi baada ya kukagua. Wako wauzaji wanaoniambia hilo ni kujihatarisha. Naona ni afadhali kubeba sehemu ya hatari kuliko kumbebesha mteja hatari yote, hasa unapoanza na hakuna anayekujua. Na wewe pia jilinde: meseji inayosema umepokea pesa si pesa. Matapeli huitunga wao wenyewe. Angalia salio kwanza, *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel, ndipo ufunge mzigo.

Mzigo wa mbali unakwenda kwa basi. Andika jina na namba ya mpokeaji kwa kalamu ya wino mzito, pande mbili, kisha upige picha mzigo na risiti ya ofisi ya basi, umtumie mteja saa ile ile. Usingoje akuulize "umefika wapi?" Mtu aliyelipa kisha asisikie lolote kutoka kwako anateseka, nawe unaweza kumwondolea mateso hayo kwa meseji moja.

Mahali pa kuuzia hapanisumbui sana. TikTok huleta macho mapya, WhatsApp ndiyo inayofunga biashara. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na tangu hapo walio humu nchini wameiingia kwa VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi, lakini mteja wa Congo au Sudan Kusini hana kizuizi hicho, kwa hiyo ukurasa wa Facebook una maana kwa sisi tulio karibu na mpaka. Pakua WhatsApp Business, ni bure, ina katalogi ya kuonyeshea bidhaa zako na majibu ya haraka. Mwombe kila mteja ahifadhi namba yako, kwa sababu ujumbe unaoutuma kwa orodha ya wengi, hadi watu 256, humfikia tu aliyekuhifadhi.

Na jambo moja linaloniuma: wauzaji kupakia picha za mazungumzo na malipo ya wateja, majina na namba zikiwa wazi, ili waonekane wanauza. Huyo mama hakukupa ruhusa. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019 inataka umwombe idhini, lakini hata kama isingekuwapo sheria, amekuamini. Mwulize. Akikubali, ficha namba. Mara nyingi mtu akiombwa kwa heshima hujipiga picha mwenyewe amevaa gauni lake, na hiyo huuza kuliko risiti mia.

Tena uwe na daftari: jina, namba, mji, alichonunua, rangi anazozipenda, tarehe ya harusi aliyokutajia. Uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na simu pia huanguka majini au huibiwa kwenye stendi. Ukiwa na namba zimeandikwa unaweza kupiga simu ya kawaida na kusema, "Mama, ule mtindo wa sare uliokuwa unautafuta umeingia, vipo vipande vinane."