Fundi Anajibu: Prado nimeshainua, sasa niweke tairi gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva, napeleka wageni na mizigo ya kambi kutoka Mto wa Mbu hadi Ngare Sero, kule Ziwa Natron. Gari ni Prado ya 2006, ya dizeli, yenye injini ya 1KD. Nimeiinua inchi mbili kwa springi na shokapu mpya, mbele na nyuma. Bado inatembelea tairi zake za 265/65R17, na tangu niiinue naziona ndogo mno chini ya madigadi. Muuza tairi anasema nichukue 285/70R17. Rafiki yangu anasema gari likishainuliwa linabeba hata 315/70R17. Pesa niliyo nayo inatosha tairi mbili, nyingine mbili nitanunua mwezi ujao. Naomba ushauri. (Msomaji, Mto wa Mbu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la kununua mbili mbili, maana hapo utaua gari kabla hatujafika kwenye saizi. Prado yako inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, hata kwenye lami. Katikati, ndani ya transfa, yaani boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, kuna difu inayoruhusu mbele na nyuma kupishana mzunguko kidogo, kama unapokata kona. Ukifunga tairi kubwa mbele ukaacha ndogo nyuma, kupishana huko hakuishi, hata barabara ikinyooka. Difu hiyo itasagika kilomita zote unazokwenda, mafuta yake yatachemka, na bei yake ukiiua ni zaidi ya tairi zote unazotaka kununua. Subiri mwezi huo mmoja. Nunua nne kwa mpigo, na ya tano ya spea iwe saizi hiyohiyo.

Sasa saizi. Springi zako zimeinua bodi na chesisi. Difu ya nyuma iko palepale ilipokuwa, kwa sababu ekseli haining'inii kwenye bodi, inakaa juu ya tairi. Kwa hiyo ukitaka difu ipite juu ya jiwe, ni tairi tu itakayoiinua, nayo inainua nusu tu ya kimo ulichoongeza. Piga hesabu mwenyewe: 265 ni upana wa tairi kwa milimita, na asilimia 65 yake ni 172, huo ni ubavu mmoja. Zidisha kwa mbili, jumlisha rimu ya inchi 17, yaani milimita 432, unapata milimita 776. Ndicho kimo cha tairi uliyo nayo. Kwa hesabu hiyohiyo 265/70R17 ina milimita 803, 285/70R17 ina 831, na ile ya rafiki yako ina 873. Yaani ya kwanza itainua difu yako milimita 13, ya pili 27, ya tatu 48.

Najua 48 inavutia. Lakini kuna jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi wanapouziwa springi za kuinulia, nami nalirudia kwa kila anayeingia gereji yetu hapa Arusha: springi ndefu inaongeza nafasi gari likiwa limesimama. Ukitumbukia korongo na springi ikabonyea mpaka kwenye raba yake ya mwisho, tairi inapanda hadi palepale ilipokuwa ikifika kabla hujainua. Hiyo raba hukuibadilisha. Kwa hiyo tairi inayokaa vizuri uwanjani kwa muuzaji inaweza kula plastiki za ndani ya madigadi siku ya kwanza tu njiani.

Pima hivi. Mwambie fundi atoe springi ya mbele upande mmoja, arudishe shokapu peke yake, kisha afunge tairi moja ya saizi unayoitaka. Muuzaji mwelewa atakuazima moja. Gari likiwa limeegemezwa kwenye stendi imara, apandishe gurudumu kwa jeki taratibu mpaka raba ya mwisho iguse. Wewe kaa kwenye usukani, kata kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho. Aliye nje apake chaki kwenye bega la tairi na aangalie chaki inabaki wapi. Kwenye Prado ya umbo lako itaanza kubaki nyuma ya gurudumu, pale chini ambapo bodi imefungwa kwenye chesisi kwa boliti na raba, kisha kwenye plastiki ya mbele karibu na bampa. Ukitaka nikupe kipimo, kidole changu cha shahada kipite bila kubanwa pande zote. Matope yakiganda kwenye tairi yatajaza nafasi hiyo, na tairi ikizunguka kasi huvimba kidogo.

Tairi ya 285/70R17 kwenye gari lako itagusa hapo nyuma. Watu wanaiweka, lakini wanakata kipande cha chuma cha hiyo sehemu ya chesisi na kuchomelea upya, na plastiki za mbele wanazisogeza. Ni kazi inayofanyika, ila inataka mchomeleaji anayejua chesisi, na mimi sioni kama safari zako zinaidai. Ya 315/70R17 iache kabisa. Hata ukikata chuma, bado utakuwa umeongeza kimo cha tairi kwa asilimia 12, na asilimia hiyo unailipa kwenye nguvu ya kuvuta. Panda kilima cha kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu ukiwa na wageni sita na maji ya kambi, utarudi gia ya chini pale ulipokuwa unapanda bila wasiwasi. Dawa yake ni kubadili meno ya difu, na ya mbele lazima yalingane na ya nyuma, hivyo unafungua difu mbili. Breki nazo ni zilezile za kiwandani, na sasa zinasimamisha gurudumu refu na zito zaidi.

Ushauri wangu kwako ni 265/70R17, aina ya A/T, yaani ya lami na vumbi pamoja, na herufi LT, yaani tairi za magari madogo ya mizigo, ziwe zimeandikwa kabla ya saizi. Utaona na namba 121/118 ubavuni. Hiyo 121 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,450. Zako za sasa kama ni 112 zinabeba kilo 1,120. Uzito huo sikuutaka kwa ajili ya mzigo peke yake. Tairi za LT zina ubavu mgumu wenye nyuzi zaidi, na ukishaivuka Engaruka kinachoua tairi ni yale mawe makali ya volkano yaliyofichwa na vumbi, yanayochana ubavu. Pancha ya katikati ya meno unaiziba mwenyewe kwa kamba, ukaendelea na safari. Ubavu uliochanika hauna kiraka cha kuaminika, na kule hakuna duka la tairi.

Utaulizwa kwa nini usiweke za matope, zile M/T zenye kashata kubwa. Masika, udongo mweusi ukilowa, zingekufaa kweli. Lakini mwaka mzima unatembea kwenye vumbi, changarawe na lami. Kwenye lami iliyolowa M/T hushika breki vibaya kuliko A/T, huisha haraka, na wageni wako watapiga kelele kushindana nazo.

Upepo usiujaze kwa kufuata kibandiko cha mlangoni, kile kiliandikwa kwa tairi za kawaida. LT inataka upepo zaidi kwa mzigo uleule. Anza na psi 36 mbele na 38 nyuma ukiwa na mzigo, tairi zikiwa baridi asubuhi. Endesha saa moja, simama, pima tena papo hapo. Ikiwa imepanda zaidi ya psi 6, upepo ulikuwa mdogo na tairi inapinda na kuchemka, ongeza. Ikiwa imepanda 2 au 3 tu, umezidisha, punguza. Kwenye mchanga wa makorongo shusha hadi 20, punguza mwendo, na ujaze tena ukitoka. Nunua pampu ndogo ya betri kabla hujanunua taa za bampa.

Kuna mambo mawili hukuyataja, nami nina wasiwasi nayo. La kwanza ni alaimenti. Gari kama lako, ambalo kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake, ukiliinua, magurudumu yanabadili mlalo wake, na usipopima tairi mpya zitalika upande mmoja kabla ya krismasi. Kama kwenye mashine mlalo haurudi kwenye kipimo, utahitaji mikono ya juu iliyotengenezwa kwa magari yaliyoinuliwa. La pili ni mlango wa nyuma. Spea yako inaning'inia pale, na LT ni nzito kwa kilo kadhaa kuliko ya zamani. Shika spea kwa chini, inyanyue juu kwa nguvu. Mlango ukicheza, bawaba zimeanza kulegea. Funua kapeti uangalie kama bati limepasuka kwenye boliti. Rekebisha hilo kwanza.

Na spidomita: kwa 265/70R17, ikisoma 50 kijijini wewe unakwenda kama 52. Spidomita za kiwandani kwa kawaida husoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo mtakuwa mmekaribiana na ukweli. Kwa 285/70R17 ingekuwa zaidi ya 53, na mwenye tochi hatakuuliza saizi ya tairi.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Hilux ya zamani, rimu za chuma za inchi 15. Nimeona tairi za mtumba za 31x10.50R15, meno yamejaa, bei nzuri. Nitajuaje kama ni nzima? (Msomaji, Mpanda)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Meno kujaa hakutoshi. Tafuta ubavuni neno DOT, ufuate mpaka mwisho uone tarakimu nne. Zikiwa 1416, tairi ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016. Tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, mara nyingi ule wa ndani, kwa hiyo igeuze. Mimi sinunui mtumba uliopita miaka sita hata ungekuwa na meno ya dukani, maana raba inakauka ikiwa imelala stoo. Kisha ikunje kwa mikono na uangalie katikati ya kashata na pale ubavu unapokutana na rimu. Ukiona mipasuko myembamba kama nywele, irudishe. Pitisha kiganja ndani yake chote. Uvimbe au kiraka kikubwa cha ubavuni ni sababu ya kuondoka dukani.

Halafu pima upana wa rimu zako, ndani kwa ndani, pale tairi inapokalia. Saizi hiyo inataka rimu ya upana wa inchi 7 hadi 9. Hilux nyingi za zamani zina rimu za inchi 6. Zikiwa hizo, tairi itabanwa, itatuna katikati na kulika mstari mmoja, na ukishusha upepo kwenye mchanga inaweza kuchomoka kwenye rimu. Tafuta kwanza rimu za inchi 7 za tundu sita zinazoingia kwenye habu zako, ndipo urudi kwa muuza tairi.