Barua kwa mwanangu: kazi ya merikebu ya matanga

Bukavu

Mwanangu Furaha,

Salamu kutoka huku nyumbani, sisi wote tuko. Umeniuliza mambo mawili: ukipanda Statsraad Lehmkuhl, ile merikebu ya mafunzo ya Norway, kujifunza ubaharia utafanya kazi gani hasa, na kama mtoto wa Kivu, aliyezoea mitumbwi ya sambaza na boti za Goma, ataweza kupanda milingoti ile. Kupanda utaweza, mama. Kinachowashinda wengi ni kamba.

Meli hiyo iliundwa Bremerhaven mwaka 1914, tangu mwanzo kwa ajili ya wanafunzi. Ina milingoti mitatu na matanga 22, na kamba zake zinazoteremka hadi kwenye sitaha ni zaidi ya mia. Kila kamba ina kigingi chake cha kufungiwa, na haihamishwi. Usitegemee maandishi, shika mpangilio kichwani, maana utaamriwa kulegeza mojawapo usiku, mvua inanyesha. Ukilegeza ya jirani yake, foromali nzima, yaani boriti inayokatiza mlingoti na kubeba tanga, inaweza kuporomoka.

Kabla ya kufungua kamba, tazama juu ujue inabeba nini. Toa mizunguko ya juu mmoja mmoja, lakini ule wa chini ya kigingi uache, ndio unaokusaidia kushika uzito. Mikono ikae mbali na kigingi, kamba isizungushwe mkononi, mguu usiingie ndani ya kamba iliyokunjwa. Ikikuponyoka, iachie upige kelele. Anayeng'ang'ania huchunwa viganja, au vidole vyake huvutwa hadi kwenye kigingi. Ukimaliza, ikunje kwa mwelekeo wa mshale wa saa, kwa kuwa kamba ya nyuzi tatu kwa kawaida imesokotwa kulia. Ukiikunja kinyume inajitia mafundo, na fundo likifika kwenye kapi tanga linakwama katikati, halipandi wala halishuki. Hapo ndipo mtu hutumwa juu gizani kwa uzembe wa mwingine.

Mtagawanywa zamu tatu: saa nne kazini, saa nane nje. Ndani ya zamu mtapokezana usukani, kulinda mbele, na kuzunguka meli kukagua moto. Waliobaki wanakaa tayari kuvuta. Kwenye usukani kosa la wageni ni moja: wanaona dira imesogea, wanazungusha sana. Meli nzito inachelewa kuitika. Zungusha kidogo, subiri, na uanze kurudisha kabla haijafika unakotaka, la sivyo utaiyumbisha zamu nzima.

Kuna pia viazi vya kumenya, na kutu. Chombo cha chuma baharini hakimalizi kukwanguliwa na kupakwa rangi. Sitaha ya mbao husuguliwa kwa maji ya chumvi, si kwa usafi tu: mbao zikikaushwa na jua husinyaa, viungo hufunguka, na maji huwadondokea waliolala chini kwenye vitanda vya kuning'inia.

Sasa kupanda. Panda upande upepo unakotokea, ukugandamize kwenye ngazi badala ya kukubandua. Shika kamba zilizosimama, kamwe si vidaraja vilivyolala, kwani hivyo hufungwa kwa uzi, na uzi huoza. Hakikisha mkanda wa usalama umeunganishwa kabla ya kuachia mkono. Kwenye foromali mtasimama wengi juu ya kamba moja ya kukanyagia. Sema kwa sauti kabla ya kuikanyaga, maana uzito wako utamrusha aliyetangulia. Mifuko iwe mitupu, kisu kifungwe kwa uzi. Pete ivue kabisa, hata ile ya bibi yako.

Utaona wanavyogombeza kuhusu milango na madirisha. Usikasirike. Mwezi Februari 2010 meli ya shule ya Kanada, Concordia, ililazwa na upepo wa ghafla karibu na Brazili, na maji yakaingia kupitia milango na matundu yaliyokuwa wazi. Watu wote 64 waliokolewa, lakini meli ilizama. Merikebu huvumilia kuinama mradi maji hayajapata njia ya kuingia. Ukiwa mlinzi ukaona wingu jeusi na maji yanabadilika rangi upande wa upepo, mwambie afisa hapo hapo. Matanga hupunguzwa kabla upepo haujafika; ukishafika, huwezi tena kuyakunja kwa urahisi.

Kwa kuwa uko Bruxelles, chukua treni uende Ostend ukaione Mercator, meli ya mafunzo ya Wabelgiji ya mwaka 1932, siku hizi ni makumbusho karibu na stesheni. Ni mlingoti wa mbele tu wenye foromali, kwa hiyo anza hapo: fuata kamba moja kwa macho kutoka kwenye kigingi hadi juu, kisha nyingine. Saa mbili zinatosha kukutoa woga.

Dawa ya kichefuchefu inunue mapema, na imeze kabla meli haijaondoka bandarini. Ukishaanza kutapika haikai tumboni.

Baba yako