Muulize Bi. Somoe: Wakulima wa Altona walipataje kiwanda cha mafuta?

SWALI: Shikamoo Bi. Somoe. Mpwa wangu anasoma Winnipeg, Kanada. Juzi kanitumia picha yuko Altona, mji mdogo wa wakulima, kasimama chini ya mchoro wa alizeti uliopita urefu wa mnazi. Anasema mji ule ni wa Wamenonaiti, na zamani wakulima wenyewe walijenga kiwanda cha kukamua mafuta. Mimi Wamenonaiti ninaowajua ni wa Musoma. Ndio hao hao? Na hela walitoa wapi? Sisi huku ufuta unapimwa, unapigwa mnada, unapanda lori kwenda bandarini. Mafuta tunanunua dukani.
Mkulima wa ufuta, Naipanga, Nachingwea

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Musoma kwanza, maana hapo ni pafupi. Ni dhehebu moja la Kikristo, koo mbili. Waliofika Shirati mwaka 1934 na kuanzisha Kanisa la Mennonite Tanzania walitoka Pennsylvania, Marekani, na mababu zao wengi ni Waswisi na Wajerumani wa kusini. Wa Altona asili yao ni Uholanzi na kaskazini ya Ujerumani. Wakakaa Poland, na kuanzia 1789 wakahamia kusini mwa Urusi ya wakati huo, ambako leo ni Ukraine. Wote wanamfuata Menno Simons, padri wa Kiholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536, na wote wanakataa kushika silaha.

Silaha ndizo zilizowahamisha. Urusi ilipoamua kila kijana aende jeshini, sheria yenyewe ikapita 1874, wao walikwisha kutuma wajumbe ng'ambo kutafuta ardhi. Kanada ikawaahidi kwamba jeshini hawataitwa na shule wataendesha wenyewe. Kaya ikajiandikisha ekari 160 kwa ada ya dola 10. Hadi 1880 walikuwa wamefika Manitoba, jimbo lilipo Altona, watu 7,000 hivi. Mpwa wako akisimuliwa kwamba walikuta nyika tupu, aulize nani aliifanya tupu. Wenyeji, Waanishinaabe, walitiliana mkataba na serikali mwaka 1871 tu, wakasogezwa.

Upande wa magharibi wa Mto Red, ulipo Altona, hapakuwa na miti. Walowezi wengine walipakwepa: utajengea nini, utapikia nini? Hawa walitoka nyika ya namna hiyo hiyo, hawakubabaika. Nyumba na zizi waliviweka chini ya paa moja. Mama anafungua mlango nyuma ya jiko, yuko kwa ng'ombe tayari na ndoo yake, wala haonani na baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Kati ya vyumba wakajenga tanuri la matofali, ukuta wake unapasha nyumba nzima. Kuni zake ni mabua ya ngano na samadi iliyokanyagwa, ikakatwa vipande na kuanikwa kiangazi chote. Mkate ukaokwa humo humo.

Vijiji vyao vilikuwa mtaa mmoja mrefu, nyumba zimepangana pande mbili, mchungaji mmoja wa kijiji kizima. Zile ekari waliziunganisha, wakagawana vipande ili kila mtu apate udongo mzuri na mbaya. Sisi tuliohamishwa kwenda vijijini miaka ya 70 tunaujua mstari huo wa nyumba, ila wao hawakuletewa lori wala mgambo. Hata hivyo haukudumu kila mahali. Hati ya serikali ilikuwa na jina la mtu mmoja mmoja, na mkorofi akichoka anachukua ekari zake 160 anajitoa, hakuna wa kumzuia. Vijiji vingi vikasambaratika hivyo. Neubergthal, karibu na Altona, kingalipo.

Sasa hela. Hapa niruhusu nijivute kidogo, maana nimeshika daftari la chama cha msingi Masasi ujana wangu wote. Walikuwa na kitu wanakiita Waisenamt, mfuko wa yatima. Mzazi akifa, mwenzake anabaki na nusu ya mali, nusu ya pili wanagawana watoto, wa kike sawa na wa kiume. (Mawifi zangu wa Kimakonde, wanaohesabu ukoo kwa mama, watasema hata hapo bado.) Fungu la watoto wadogo linawekwa kwenye mfuko, nao unawakopesha wakulima kwa riba nafuu. Nyumba ikiungua kuna mchango wa moto, kila mwenye nyumba anatoa. Yaani benki na bima walikuwa nazo, na wenyewe ndio makarani.

Usidhani lakini kwamba uchaji Mungu ndio uliojenga kiwanda. Serikali ilipobana shule zao kuanzia 1916, wahafidhina wapatao 6,000 waliuza mali miaka ya 20 wakaenda Meksiko, wengine Paragwai. Kisha bei ya ngano ikaanguka miaka ya 30, wakopaji wakashindwa kulipa, na mifuko ya yatima ikafilisika mmoja baada ya mwingine. Fikiria hesabu za mjane hapo.

Ushirika ulianzia kwenye shimo hilo. Mwaka 1931 Altona walianzisha chama cha walaji, biashara yake ya kwanza ikiwa mafuta ya matrekta. Wakafuata na chama cha akiba na mikopo. Kiongozi wao mkubwa, J. J. Siemens, mkulima aliyewahi kuwa mwalimu, aliwasukuma waache kutegemea ngano peke yake. Alizeti walikuwa nayo bustanini tangu Urusi, wakitafuna mbegu Jumapili na kutema maganda. Vita Kuu ya Pili ilipoleta uhaba wa mafuta ya kula, wakauziana hisa, wakasajili kampuni ya ushirika mwaka 1943, na 1946 mashine zikaanza kukamua. Hicho ndicho kilikuwa kiwanda cha kwanza cha alizeti Kanada.

Na wewe wa Nachingwea hebu tazama tarehe hizo. Uhaba ule ule wa mafuta ndio uliowaleta Waingereza kwako mwaka 1947 na Mradi wa Karanga: matrekta, reli, bandari ya Mtwara, pauni zaidi ya milioni 30. Udongo na mvua hawakumuuliza mtu. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na reli ikang'olewa miaka ya 60. Wale wa Altona walipanda zao walilolijua, kwenye shamba lao, kwa kiwanda kidogo. Hata viwanda vyetu vya korosho vya miaka ya 70 vilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkulima hakuwa na hata hisa moja humo, na vilipogeuzwa maghala hakuwa na kikao cha kwenda kulalamika.

Ila usimwonee mpwa wako wivu kupita kiasi. Alizeti ilipata ugonjwa wa kutu ya majani miaka ya 50, wakageukia mazao mengine ya mafuta, na sasa kinachokamuliwa pale ni kanola. Kiwanda kimeshatoka mikononi mwa wakulima wa Altona. Leo kinamilikiwa na Bunge, kampuni kubwa ya kimataifa ya nafaka. Mkulima analeta mbegu, inapimwa, analipwa, anaondoka. Ule mchoro wa alizeti ulisimikwa 1998.

Kama AMCOS yako, yaani chama chenu cha msingi, ina nia ya kukamua ufuta, msianze na jengo. Anzeni na kuuliza nani ataandikwa kwenye hisa, na mtu akitaka kuuza hisa yake atamuuzia nani.