Muulize mwenye nyumba doa limeanza lini: kwa fundi anayeanza kazi ya dari Mbeya

Mdogo wangu unayeanza kushika msasa na brashi, kuna swali moja nataka ulizoee kabla hujaegemeza ngazi kwenye nyumba ya mtu. Ukiitwa kutazama doa la maji darini, muulize mwenyeji: "Hili lilianza lini?" Wengi wetu tunaanza na kutafuta linatoka wapi. Tunapanda juu ya paa, na kwa kuwa hakuna bati lisilo na kasoro, tundu tunalipata. Tunaziba, tunapaka rangi, tunalipwa. Doa linarudi.

Hilo nilifundishwa na mama mmoja wa Sae, mtaa wa hapa Mbeya. Aliniita mwezi wa 7. Dari ya jipsamu ya chumba cha kulala, jirani na bafu, ilikuwa na mabaka ya kahawia na vidoti vyeusi vya kuvu. Nilipanda, nikakuta misumari minne imeinuka, nikaipaka silikoni, nikapaka rangi. Baada ya wiki tatu akanipigia simu. Nikapanda tena, nikaongeza silikoni. Mara ya tatu hakunifokea, aliniambia tu: "Baba, mvua ziliisha mwezi wa 5. Hayo maji ni ya wapi?"

Sikulala vizuri siku ile. Kesho yake nilifika saa 12 asubuhi, jua halijagusa bati, nikaingia juu ya dari na tochi. Chini ya bati, kuanzia kwenye kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, mpaka kwenye fisha bodi, ubao wa ukingoni mwa paa, matone yalikuwa yananing'inia kama umande kwenye mgomba. Paa halikuwa linavuja. Mvuke wa bafu la maji ya moto ulikuwa unapenya kwenye uwazi wa taa, unapanda, unakutana na bati lililopoa usiku kucha, unageuka maji na kudondokea jipsamu. Pembeni mwa paa fundi wa awali alikuwa ameziba kila mahali, hewa haina pa kutokea. Nilitoboa matundu ya hewa chini ya mapaa pande mbili, nikayawekea wavu wa kuzuia ndege na popo, nikaziba uwazi ule wa taa, na bafu likawekewa feni ya kutoa mvuke. Fedha ya zile safari mbili za mwanzo nilimrudishia, maana ilikuwa haki yake.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukienda Makete au Njombe baridi ni kali zaidi. Fundi aliyejifunzia kazi Pwani anaweza kukaa miaka asilione jambo hili. Wewe utalikuta kila mwaka.

Kwa hiyo soma kalenda kwanza. Doa linaloanza na mvua za Novemba na kukauka kiangazi ni la paa. Likitokea tu siku mvua inapokuja na upepo, tazama kofia na mahali bati linapokutana na ukuta, kwa sababu huko maji husukumwa kwenda juu. Doa lisilojua masika wala kiangazi ni la tanki au bomba: boya limechoka maji yanafurika, au kiungo kinavuja tone moja moja. Na lile linaloonekana asubuhi za baridi, mvua hakuna, umeshalijua.

Ukiwa na uhakika ni paa, usitegemee tundu liwe juu kabisa ya doa. Maji yakiingia hutambaa juu ya papi, mbao zinazopigiliwa bati, hushuka kwenye kenchi, fremu za mbao zinazobeba paa, na huweza kudondoka mita tatu mbele. Ingia juu ya dari mchana, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Vitundu vitaonekana vyenyewe kama nyota. Kisha fuata alama nyeusi kwenye mbao kwa kupanda nazo, usishuke. Ukikosa, mwambie mwenzako amwage maji juu ya bati huku wewe uko ndani, aanzie chini karibu na gata, mfereji unaopokea maji ya paa, akae kama dakika kumi, ndipo asogee juu kidogo. Akianzia kwenye kofia maji yatateremka kote na hutajua yameingilia wapi. Kanyaga mbao tu. Bodi ya dari haibebi mtu.

Mara nyingi huku mkosaji ni msumari. Mbao zetu ni misindano kutoka Sao Hill kule Mufindi, na nyingi hufika sokoni bado mbichi. Zikikauka juu ya paa husinyaa, msumari unalegea, unainuka, raba yake inapasuka kwa jua. Ukiugonga urudi kwenye tundu lilelile, umempa mwenyeji msimu mmoja tu. Ung'oe, weka skrubu ya bati iliyo nene kuliko ule msumari, yenye raba mpya, uikaze mpaka raba ibanwe bila kupondeka. Na kwa bati la migongo, ipite kwenye mgongo, kamwe isipite kwenye mfereji yanakotiririka maji. Tazama pia pishano la bati: likiwa chini ya sentimita 15 kwenye ncha, au mdomo wake umeelekezwa upepo unakotoka, mvua ya Mbeya itaingia.

Nyumba za siku hizi zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta zinanihuzunisha. Ni nzuri machoni, lakini maji yote hukusanyika kwenye gata la ndani lenye tundu moja. Yakishuka majani ya mkaratusi, au mvua ya mawe ikajaza lile tundu, gata linageuka bwawa juu ya sebule. Mshauri mwenyeji aongeze tundu la pili la dharura linalotokeza nje, liwe chini ya ukingo wa gata upande wa ndani, ili likiziba la kwanza maji yamwagike uani. Rungwe, ambako mvua ni nyingi na miparachichi imeinamia mapaa, nawaambia wasafishe gata kabla ya Novemba na tena katikati ya msimu.

Sasa dari yenyewe. Maji yakiwa karibu na taa, zima umeme kwenye meni swichi kabla ya kugusa chochote. Jipsamu iliyotuna kama tumbo, weka ndoo chini, itoboe kwa bisibisi maji yatoke taratibu, usingoje ianguke na kuumiza mtoto. Ukiibonyeza kwa kidole ikabonyea, imekufa: ikate mraba mpaka katikati ya mbao za blandaring, zile zinazoshikilia dari, ili kipande kipya kipate pa kushikilia. Kwenye nyumba za zamani za serikali au za kampuni ukikuta bodi ngumu za kijivu zinazofanana na saruji, usizikate, usizitoboe, usizipige msasa. Huenda ni asbesto, na vumbi lake huua mapafu polepole kwa miaka mingi. Mwambie mwenyeji atafute wanaoruhusiwa kuiondoa.

Jipsamu iliyo imara iache ikauke. Masika inaweza kuchukua wiki kadhaa, usikubali kuharakishwa. Fungua madirisha, washa feni. Nimewahi kukuta jiko la mkaa limewashwa ndani ya chumba kilichofungwa ili "kukausha dari". Hewa ile huua watu usingizini, na kila ukiona mtu anafanya hivyo msimamishe, hata kama si mteja wako.

Kabla ya rangi, chora kwa penseli ukingo wa doa na uandike tarehe. Mvua kubwa ikinyesha na unyevu usivuke mstari, kazi yako ya juu imeshika. Rangi ya maji usiipake moja kwa moja. Ule ukahawia ni uchafu wa mbao na vumbi ulioyeyuka, na rangi ya maji huuyeyusha tena ukapanda juu hata ukipaka mara nne. Penye kuvu safisha kwanza kwa dawa ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na maji, uvae glavu, pakauke. Piga msasa, paka andakoti ya mafuta, yaani rangi ya msingi, iache siku nzima, ndipo upake rangi ya maji mara mbili dari yote. Ukipaka kiraka, kitaonekana kila taa ikiwashwa.

Mstari wa penseli utafunikwa na rangi, kwa hiyo iandike tarehe ileile kwenye kenchi, juu ya lile doa. Mvua za kwanza zikishuka, mpigie mwenyeji wewe kabla hajakupigia, umuulize kama unaweza kupanda kutazama.